Ngoma ya Kanisa Ililala Kwetu

Ngoma ya kanisa ililala kwetu, na ililala pazuri kuliko mimi. Mama aliiweka juu ya kiti cha mbao kando ya kitanda chake, akaifunika kwa leso safi, nami nikatandikiwa godoro sakafuni, kati ya miguu ya meza na debe la maji. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kaunsili. Mvua ikinyesha na paa likianza kuvuja, kitu cha kwanza kusogezwa kilikuwa ngoma. Mimi nilijisogeza mwenyewe. Kwa hivyo wivu wangu haukuanza na yule msichana, kama watu wa mtaa walivyodhani. Ulianza na ngoma.

Tuliishi katika mmoja wa ile mitaa ya Eastlands, Nairobi, yenye nyumba za safu, mfereji mmoja kwa safu nzima na kamba za nguo zilizopishana juu ya vichwa vya watu. Wengi wa kanisa letu walikuwa wametoka magharibi ya nchi kama sisi. Wanaume walifanya kazi viwandani, au walikwenda kila asubuhi kusimama kwenye malango ya viwanda wakitumaini kuchukuliwa kibarua, na wanawake waliuza mboga na samaki. Kanisa lilikuwa la mabati, nyuma ya uwanja wa mpira. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, ngoma ilizunguka mtaa safu baada ya safu kuwatoa watu vitandani. Mama alikuwa mbele, ngoma ikining'inia begani kwa mkanda, kijiti mkono wa kulia na kiganja cha kushoto kikijibu. Alipiga mwenyewe na aliimbisha mwenyewe, na watoto wa safu zote walimfuata, hata wale ambao kwao hakukuwa na mtu wa kusali.

Nyumba ilimolala ngoma ilijulikana na kila mtu. Mgeni akipotea aliambiwa aulize kwa mama wa ngoma. Walevi wakipita mlangoni petu jioni walishusha sauti, wengine wakavua kofia, na asubuhi wakatukuta mferejini wakajifanya hawatujui. Mimi niliitwa binti wa ngoma, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Kazi yangu ilikuwa moto. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa wa kuwasha jiko Jumapili alfajiri, kutafuta magunzi makavu na magazeti ya zamani, na kuiotesha ngoma. Ngozi ya ngoma hulegea kwa baridi, na isipooteshwa inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Unaishika mbali kidogo na moto, unaizungusha taratibu, unaigonga kwa kidole, unasikiliza, unaizungusha tena. Niliruhusiwa kidole kimoja tu. Sauti ikikaa sawa nilimwita mama, naye akaja amevaa kitambaa chake cheupe kichwani, akaichukua, akatoka. Mimi nilifuata nyuma nimebeba biblia yake.

Nilipoomba kupiga mara ya kwanza, niliambiwa ngoma si kitu cha watoto. Nilipomaliza shule ya msingi niliambiwa ningoje nimalize sekondari. Nilipomaliza sekondari mama alisema msichana asiyeolewa akisimama mbele na ngoma, watu watamtazama yeye badala ya kumsikiliza Mungu. Basi nikangoja kuolewa, na hilo nalo halikuja, au lilikuja likapita kwa mlango wa jirani. Kufikia miaka ya tisini nilikuwa karibu thelathini, nashona sare za shule kwenye baraza la duka moja Eastleigh, narudi jioni na vipande vya uzi kwenye nywele, na bado nilikuwa mtu wa jiko na magunzi.

Kanisani kila rika lilikuwa na mahali pake. Wazee walikuwa na benchi la mbele na maombi marefu. Watoto walikuwa na shule ya Jumapili chini ya kibanda cha nyuma. Vijana walikuwa na kwaya, kinanda cha kuazima na ugomvi wa nani ashike kipaza sauti. Sisi wa katikati tulikuwa na sufuria. Tuliwasili mapema kupanga mabenchi, tulipika chai ya wageni, tulifagia wengine wakishaondoka, na mchungaji alipotaja nguzo za kanisa aliwataja wazee wetu waliotangulia na vijana wetu wa kesho, halafu akasema tusimame tuombe. Sikulalamika. Nilijua siku bega la mama litakapochoka ngoma itakuja kwangu, nami nitatoka kwenye sufuria niende mbele. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, lakini sikuona ingeweza kwenda kwa nani mwingine.

Bega lilichoka. Mwanzoni mama alilisugua kwa mafuta, kisha akaanza kumaliza mzunguko wa mtaa kabla ya safu za mwisho, na watu wa safu za mwisho wakaanza kuchelewa ibada. Nikawa natazama lile bega kila asubuhi. Nililionea huruma, na pia nilihesabu kwamba wakati wangu umefika.

Ndipo wakahamia safu ya nyuma yetu mama mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na minne. Hawakuwa watu wa kwetu. Walitoka upande wa kati wa nchi, mama mtu akiuza mitumba Gikomba, na walikozoea kusali kulikuwa na vitabu vya nyimbo na hakukuwa na ngoma. Miaka ile watu walikuwa wameanza kuulizana makabila hata kwenye foleni ya maji, na sitajifanya kwamba jambo hilo halikunipitia kichwani. Lilipita, na likakaa.

Jumamosi moja foleni ya mferejini ilikuwa ndefu, na yule msichana aligeuza mtungi wake wa plastiki akaupiga kwa vidole na kiganja, akijituliza tu. Watoto wawili wakaanza kucheza. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde. Mkono wake ukasimama. Akamwita, na msichana akaja na mtungi wake kwapani, anatafuna chingamu.

"Nani amekufunza?" mama akamwuliza.

"Hakuna, shosho," akajibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao. "Mi hugonga tu."

Mama aliingia ndani. Nilikuwa nimesimama mezani na pasi ya makaa mkononi, nikinyoosha kitambaa chake cheupe cha Jumapili. Alinipita kama anayepita kabati. Aliitoa leso, akaibeba ngoma hadi mlangoni, akauweka mkanda kwenye bega la mtoto wa watu ambaye hata chingamu hakuwa ameitoa mdomoni, akampa kijiti. Akasema, piga.

Nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikaangalia chini. Kitambaa kilikuwa kimeshika alama ya pasi.

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi. Mama hakuwa mtu wa kukumbatia wala kushika watu. Sikumbuki akinishika mkono isipokuwa tukivuka barabara. Lakini huyu alimshika kifundo cha mkono, akakiongoza juu na chini, akimwimbia wimbo kwa pua, akimwonyesha jinsi kiganja kinavyojibu kijiti na jinsi ya kuacha nafasi ili watu wapumue. Waliketi mlangoni kwenye vigoda, magoti yakigusana. Msichana alipokosea walicheka wote wawili. Mama alikuwa na kicheko cha sauti ya juu ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba yangu afe, na kikatolewa bure kwa mtu wa kuhamia juzi. Akapewa chai yenye maziwa mengi, ndani ya kile kikombe cha maua ambacho mimi nilikijua kama kikombe cha mchungaji.

Jumamosi hizo nilikuwa na kazi nyingi za ghafla. Nilisugua sufuria ambazo hazikuwa chafu, nikazipanga kwa kelele, nikazipangua tena. Mama aliuliza kutoka mlangoni, bila kugeuka, sufuria zina kosa gani.

Nilimtafutia msichana makosa, na makosa hayakukosekana. Alichelewa. Alicheka wakati wa maombi. Alivaa suruali ndani ya nyumba ya mama wa kanisa. Alisema "poa" alipopaswa kusema "asante." Nililala nikiyapanga makosa yake kichwani, na asubuhi nikaenda nayo Eastleigh, nikawa nayapiga cherehani pamoja na sare za watoto wa wenyewe. Lakini ubaya wa mambo ni kwamba alijua kupiga. Ningetulia kama asingejua. Kile kiganja cha kushoto, kilichomchukua mama miaka mingi kukinyoosha kama alivyosimulia mwenyewe, huyu alikipata kabla ya mvua za masika kwisha. Nilisimama nyuma ya pazia nikimsikiliza, na mwili wangu ulikuwa ukijua kila pigo kabla halijafika. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na hasira mno.

Jumapili moja ngozi ya ngoma ilipasuka katikati ya wimbo, ufa kutoka ukingo hadi katikati, na mama akamalizia ubeti kwa kugonga mbao. Jumatatu alitutuma Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi, mimi na msichana pamoja, tukatafute ngozi mpya. Alituagiza ya mbuzi jike aliyekwisha kuzaa, maana ni nyembamba na husema haraka, wala tusikubali ya beberu, ambayo ni nene shingoni na huchelewa kujibu. Maagizo hayo alimpa msichana akimtazama machoni. Mimi niliyajua tangu utotoni, basi nadhani aliona hakuna haja.

Tulitembea kwa miguu, yeye mbele kidogo akirukaruka madimbwi. Kule kwenye mbuzi, vumbi na mlio na harufu ya damu vilikuwa kitu kimoja, na ngozi zilikuwa zimerundikwa kando ya ukuta, nzi juu yake. Muuzaji alikuwa mzee aliyefunga kikoi, akatuachia tuchague. Msichana aliingiza mikono kwenye rundo bila kinyaa, akazisugua ngozi kwa kidole gumba, akaziinua moja moja kuelekea jua. Nami nikaanza upande wangu, nikijiambia leo ndiyo ataonekana mtoto. Tukavuta. Ngozi niliyoivuta haikuja, maana ilikuwa imeshikwa upande wa pili. Tulikuwa tumechagua ngozi ile ile moja, na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na hata nafasi ya kutofautiana naye nilikuwa nimenyimwa.

Njiani kurudi alikuwa ameibeba ngozi begani, imefungwa kwa gunia. Akaniuliza bila hila yoyote, kama mtu anayeuliza saa:

"Anti, kwani wewe hukuwahi kuitaka hii ngoma?"

Nilimwambia ainue gunia, linaburuta chini. Hakuniuliza tena.

Ngozi ililoweshwa, ikanyolewa manyoya, ikavutwa juu ya mbao na kukazwa kwa kamba. Mama alikaza upande mmoja na msichana upande mwingine. Mimi nilishika ngoma isiteleze. Iliachwa ukutani ipigwe na jua la asubuhi, na watoto wa safu wakakatazwa kuigusa, nami nikawa mlinzi wake kila nilipokuwa nyumbani, nikiwafukuza watoto na kuku kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Katikati ya wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa akina mama, mama alisimama akatangaza kwamba bega lake limekataa, na kwamba Jumapili ngoma itahama. Alimtaja msichana. Hakunitazama. Wanawake wote walinitazama badala yake, na mmoja wao, jirani yangu wa kwenye sufuria, akanigusa goti akaniambia kwa upole kwamba sasa na mimi nitapumzika. Sikuwa nimefanya kitu cha kunichosha.

Kuhama kwa ngoma kulikuwa na desturi yake, iliyotoka nasi magharibi, ingawa wengi hawakuwa wameiona, kwa sababu ngoma ilikuwa kwetu tangu kanisa lilipokuwa likikutana chini ya kamba za nguo. Mzunguko wa mtaa haufanyiki siku hiyo. Ngoma inaanzia ndani ya kanisa. Anayeitoa anamvika mkanda anayeipokea, kisha anaketi mikono mapajani na mdomo umefungwa mpaka wimbo wa kwanza uishe, ili watu wasimfuate yeye bali wamfuate mpya. Na jioni hiyo ngoma inalala katika nyumba mpya. Wazee wawili walikumbushana haya kwa furaha kubwa, wakisahihishana, na mimi nilikaa pale nikisikiliza jinsi nitakavyonyang'anywa kwa utaratibu mzuri.

Halafu mama akaniagiza nimshonee msichana gauni jeupe. Nilishona. Nilimpima kifua na mikono na kimo, yeye akisimama wima kama askari. Nilimwachia nafasi ya kutosha kwapani, ili mkono upande vizuri, kwa sababu kazi ni kazi.

Jumamosi jioni, kabla ya taa kuwashwa, nilishindwa kuvumilia. Mama alikuwa akiupunguza mkanda wa ngoma uweze kumtosha mtu mfupi. Nilimwambia ile ngoma ni yangu.

"Ngoma ni ya kanisa," alisema.

"Basi zamu ilikuwa yangu. Umeniruka ukampa mtoto wa watu, hata maneno ya nyimbo zetu hayajui. Mimi nimekufanyia nini?"

Aliuweka mkanda chini. Aliniita mama, kama alivyoniita siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la mamake.

"Mama, mimi nilikufunza kungoja. Kila ulipoomba nilikwambia ngoja, na ukajifunza vizuri kuliko nilivyotaka. Kuna miaka nilikuwa natamani uninyang'anye tu. Hukuninyang'anya. Huyu alikuja na mtungi wake, hakuomba mtu ruhusa. Nikimwambia naye angoje, kesho atakwenda kupiga kwingine, na hapa tutabaki sisi wazee, na wewe ukitungoja tufe." Alisugua bega. "Kosa ni langu. Lakini sina nguvu ya kulirekebisha kwako na kwake pia. Nimechagua kwake."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa umeegemea upande wa mwenzangu. Nilichukua karai nikatoka nje, nikafua nguo zilizokuwa tayari safi, mpaka jirani akaniuliza kama tumepata msiba.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi inayoingia chini ya mabati na kukaa. Asubuhi niliwasha jiko uani kwa kanisa nikaiotesha ngoma, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiria nani mwingine aioteshe. Ngozi mpya ilikuwa kali, ilitaka subira. Niliizungusha, nikaigonga kwa kidole, nikasikiliza. Ilikuwa na sauti nzuri kuliko ile ya zamani, na hilo nalo liliniuma.

Kanisa lilijaa. Mama wa msichana alifunga kibanda chake siku hiyo, akaja na kitambaa kipya kichwani, akaketi ukingoni mwa benchi kama mgeni harusini. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango, mahali petu sisi wa sufuria. Mchungaji aliomba. Mama alisimama, akaitwaa ngoma, akauvisha mkanda kwenye bega la msichana juu ya gauni nililolishona, akampa kijiti, kisha akaketi benchi la mbele, mikono mapajani, mdomo umefungwa.

Msichana aliinua kijiti, na hakuna kilichofuata.

Ilituchukua muda kuelewa. Kwa miaka yote ngoma na wimbo vilikuwa vimetoka kwa mtu mmoja. Tulikuwa tumekumbuka mkanda, ngozi, gauni, tumekumbuka nani aketi wapi na afunge mdomo mpaka lini. Hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma haianzi peke yake, kwamba lazima mtu atupe mstari wa kwanza ili ipate kitu cha kushika. Mtoto yule alijua kupiga lakini hakujua neno hata moja la lugha ya nyimbo zile. Aliyezijua alikuwa amefungwa mdomo na desturi. Wazee walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Kwaya ya vijana ilikuwa na nyimbo zake za kinanda, na hizi za ngoma walizijua kwa kuitikia tu. Mchungaji alifungua biblia, akaifunga. Kijana mmoja akacheka kwa pua.

Msichana hakumtazama mama, wala mchungaji. Aligeuza shingo, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu wote, akaja kunikuta mimi mlangoni. Midomo yake ilifanya "anti" bila sauti.

Nilizijua zote. Nilikuwa nimetembea nyuma ya ngoma ile tangu nikiwa na meno ya utoto, nikibeba biblia ya mtu mwingine, na hakuna wimbo ambao sikujua unaanzia wapi na unakokotwa wapi. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza kidogo tu, kanisa zima litaona mama amefanya nini. Nilinyamaza. Nilitaka waone, nilitaka mno. Nilimtazama yule mtoto akiwa peke yake mbele na kitu nilichokitamani maisha yangu yote kikimning'inia shingoni, na niliona raha.

Kilichonivunja hakikuwa huruma. Nilikuwa nimeiotesha ngoma ile mwenyewe, na nilijua katika baridi ile ngozi mpya haitadumu. Ilikuwa inapoa. Niliweza karibu kuisikia ikilegea, na kazi yangu yote ya asubuhi ikipotea bure, na pigo la kwanza la ngozi iliyochaguliwa na mikono yangu likitoka na mafua.

Nikaanza.

Sauti yangu ilitoka mbaya, na kutoka nyuma, na watu waligeuka wote kwa pamoja. Niliutupa mstari wa kwanza hadi ukafika mbele. Msichana hakukurupuka. Aliuacha upite, akaungoja wa pili kama alivyofunzwa, kisha kiganja kikaingia, na kijiti juu yake. Wazee wakaitikia. Nikaanza kutembea kuja mbele bila kukusudia, katikati ya mabenchi, maana wimbo wa ngoma hauimbwi ukiwa umeegemea mlango. Nilipofika mahali wimbo unapokokotwa, niliukokota zaidi ya desturi, kusudi nione kama ataanguka. Hakuanguka. Aliniacha niende mpaka mwisho wa pumzi yangu, akanipokea pale pale. Alinifuata vizuri hivi kwamba nilikasirika upya.

Nikiwa bado njiani, mama sikuweza kumwona uso, nilikiona kisogo chake tu, kimetulia. Baadaye nilimwuliza kama kweli alisahau habari ya wimbo, yeye aliyeuimba miaka yote, au alijua na akanyamaza. Alisema chai imepoa, nimwongezee moto.

Tulisimama bega kwa bega mimi na yule msichana, gauni langu mwilini mwake, na sauti yangu ikiitangulia mikono yake. Jioni ile ngoma ingekwenda kulala kwao, na watoto wangeifuata mpaka mlango ule mwingine, na kwetu kingebaki kiti. Nililijua hilo nikiwa katikati ya kuimba. Wivu haukuniacha kwenye ubeti wa kwanza, wala wa pili. Lakini nikikatiza, yeye angebaki amesimama na ngoma isiyo na pa kwenda. Akaniinamia kidogo, macho kwangu, akitafuta mstari unaofuata, nami nikampa, kisha nikampa mwingine. Wimbo ule una beti nyingi, na niliziimba zote.